Mikono ya Ayuma Haishikwi

— Toa mkono wako hapo! Wewe! Nasema na wewe!

Sylvance Owiti alipaza sauti yake yote, na hakuna aliyegeuka. Ua wa lile kanisa dogo la Shauri Moyo ulikuwa umejaa watu, lakini wote walikuwa viziwi. Walioshtuka ni kuku wa jirani na mama mmoja aliyekuwa akiuza njugu nje ya lango.

— Unamfokea nani, baba? akauliza yule mama. Hao hawasikii.

— Najua hawasikii!

— Basi?

Mtu ambaye Sylvance alikuwa akimfokea alikuwa amempa mgongo. Aliitwa Mulongo, mchomeleaji wa vyuma, jitu la kifua kipana, kiziwi tangu utotoni. Mkono wake mmoja ulikuwa begani kwa msichana mwembamba mwenye rinda la bluu. Alisema jambo kwa mkono wa pili, akagonga bega lile. Akasema tena, akagonga tena, safari hii akamshika kiwiko pia. Yule msichana naye hakujitoa. Alimkaribia zaidi, macho yake yakiwa usoni mwa Mulongo.

Msichana huyo alikuwa Ayuma, mchumba wa Sylvance.

Simu ikalia mfukoni. Alikuwa mama yake, Mama Rispa, akipiga kutoka nyumbani kwake, mtaa wa Ziwani.

— Mko wapi? Kuku amepoa, nimempasha, amepoa tena.

— Tunakuja, mama. Wanaagana.

— Kuagana gani huko kusikoisha? Kwani wanahamia ng'ambo?

Ni kweli walikuwa wakiagana tangu ibada iishe. Viziwi hukutana mara moja kwa juma, na kila mmoja huwa amebeba habari za siku zote ambazo hakupata wa kumwambia nyumbani wala kazini. Mtu humkumbatia mwenzake, humuaga, hufika langoni, hukumbuka jambo, hurudi. Sylvance aliyajua hayo. Alikuwa amesoma lugha ya ishara mwaka mzima, jioni baada ya kazi, tangu alipopeleka suruali yake soko la Gikomba ikapunguzwe na kumkuta Ayuma nyuma ya cherehani. Alijiona amefika. Mwisho wa mwezi wazee wake wangekwenda kwa baba yake Ayuma kuposa.

Alikata simu, akavuka ua, akasimama katikati ya wale wawili.

— Huyu ni nani kwako? aliuliza kwa mikono.

— Mulongo. Si unamjua? Tumesoma pamoja.

— Kusoma pamoja ndiko kushikana?

Ayuma alikunja uso.

— Kushikana? Ananiita.

— Anakuita vipi na uko mbele yake?

— Na wewe unaniulizaje hivyo mbele ya watu? Unajua tulikuwa tunasema nini? Unajua?

Baada ya hapo mikono ya Ayuma ilikwenda mbio. Sylvance alishika neno moja, yakampita mengi. Alitazama kando akaona kila jicho limewageukia. Katika ua ule hakuna kugombana kwa siri, maana mikono husomwa hata na aliyesimama ukutani upande wa pili. Aibu ikamvaa. Akafanya kile ambacho wanaume wengi wamewafanyia wapenzi wao wakidhani wanatuliza mambo. Aliikamata mikono ya Ayuma yote miwili, akaibana kifuani mwake, akasema kwa mdomo:

— Tulia, mpenzi. Tulia. Watu wanatutazama.

Ua mzima ukaganda. Mikono iliyokuwa hewani ikashuka. Bi Ndindi, mama mzima aliyekuwa kiongozi wa ushirika ule, alipiga mguu chini kwa nguvu hata vumbi likaruka.

Ayuma hakupigana. Alitazama vidole vyake ndani ya viganja vya Sylvance, na machozi yakaanza kumtoka bila uso kubadilika. Mulongo ndiye aliyekuja akaifungua ile mikono, kidole kwa kidole, kama mtu anayefungua waya. Ayuma akachukua mkoba wake akatoka nje ya lango. Hakumuaga mtu.

Sylvance alikuwa njiani peke yake kwenda Ziwani ujumbe ulipoingia.

"Usinijie tena. Wazee wako wasije mwisho wa mwezi. Baba nitamwambia mwenyewe."

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha jikoni begani.

— Yuko wapi?

— Anaumwa kichwa.

— Na wewe unaumwa nini? Mbona uso kama wa mtu aliyefutwa kazi?

Dada yake, Elsie, aliyekuwa kwenye kochi na simu yake, alicheka.

— Mmekosana. Sema tu, bro. Umefanya nini?

— Sijafanya kitu.

— Basi umefanya.

— Elsie, nyamaza! alisema mama. Sylvance, sikiliza. Mjomba wako Zedekiah ameshanunua koti la kwenda kwa hao watu. Amelivaa mpaka kwenye mkutano wa mtaa ili watu wamuulize. Kama kuna jambo, niambie mapema.

— Hakuna jambo, mama.

Akala kuku wa watu wawili bila kumwonja.

Siku zilizofuata hakukalika. Kazini kwake, mtaa wa Baba Dogo, alikokuwa mtunza stoo katika kiwanda cha sabuni, alipakia katoni kwenye lori lisilokuwa lake, dereva akamrudia akicheka na msimamizi akamrudia hacheki. Jioni, chumbani kwake mtaa wa Lucky Summer, alilala upande huu akageukia ule, akawasha simu, akaizima. Alimwandikia Ayuma, "Nilikosea, nilishikwa na wivu." Ukasomwa. Akaandika, "Nakupenda, hata wewe unajua." Ukasomwa. Akaandika, "Sema hata neno moja." Nao ukasomwa. Hakuna uliojibiwa.

Alhamisi alishindwa kuvumilia, akaenda Shauri Moyo. Nyumba ya kina Ayuma ilikuwa na kitufe mlangoni, nacho ukikibonyeza hakilii, huwasha na kuzima taa ndani. Alikibonyeza. Mwanga ukacheza dirishani. Mlango ukafunguka, na Ayuma akasimama pale akiwa na futi ya kupimia shingoni.

Sylvance aliinua mikono.

— Nisamehe...

Ayuma aliliona neno hilo. Kisha akafumba macho.

Hakufunga mlango wala hakurudi ndani. Alisimama pale pale kizingitini, amefumba macho, uso umetulia. Mikono ya Sylvance ikabaki hewani ikisema na ukuta.

Jirani mmoja aliyekuwa akianika nguo alimwonea huruma.

— Mguse begani, kijana. Usipomgusa hasikii.

Sylvance alipeleka mkono. Ulipokaribia kufika, akaurudisha. Kwa mara ya kwanza alijua hali ya kuwa na maneno yote mdomoni na kutokuwa na mahali pa kuyapeleka. Alingoja. Ayuma hakufumbua. Mwishowe Sylvance alijiondokea polepole, na alipogeuka kwenye kona alimwona bado amesimama vilevile, kidevu juu.

Kutoka pale hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha Mulongo, kando ya barabara iendayo Gikomba. Mulongo alikuwa ameinamia lango la chuma, cheche zikiruka. Sylvance alisimama mahali ambapo angeonekana, akapunga mkono. Mulongo akainua miwani yake myeusi.

— Umekuja kupigana?

— Sijui.

— Basi ngoja nimalize lango la mtu.

Akamngojesha kweli. Alipomaliza alinawa mikono kwenye ndoo, akavuta viti viwili, akaviweka vikitazamana. Aliongea polepole kama anayemlisha mtoto, na Sylvance aliposhindwa kuelewa, aliandika kwenye simu.

— Wewe ukitaka kumwita Ayuma utafanyaje? Utaita jina? Atalisikia wapi? Sisi jina lake liko begani. Akitazama kando, namwita. Nikitaka ajue neno hili ni zito, namwita. Hata mama yangu namwita hivyo, na mchungaji pia.

— Nilidhani...

— Najua ulichodhani. Ni halali. Nyinyi mnaosikia mkigusana mna jambo.

Mulongo alitabasamu kidogo, halafu tabasamu likaondoka.

— Wivu ungesamehewa siku hiyo hiyo. Hata mimi mke wangu ana wivu, amenichania shati. Lakini wewe ulimshika mikono. Mimi nikikuziba mdomo kwa kiganja mbele ya kanisa, nikakwambia tulia, utaniitaje?

Sylvance aliinamisha kichwa. Mulongo alimgonga goti ili atazame, maana alikuwa hajamaliza.

— Kule shuleni kulikuwa na mlezi wa bweni aliyetaka tuseme kwa mdomo. Aliyetumia mikono alikalishwa juu ya mikono yake mpaka chakula kiishe. Ayuma alikuwa mdogo kuliko wote. Alikalia mikono yake kuliko wote pia, kwa sababu hajui kunyamaza. Hakukwambia?

— Hapana.

— Uliwahi kumuuliza?

Sylvance alitazama viganja vyake mwenyewe.

— Unataka kujua tulikuwa tukisema nini siku ile?

— Nataka.

— Nilikuwa nikimwambia asiolewe na wewe.

Sylvance aliruka kitini. Mulongo alimwonyesha kiti kwa kidole, akangoja akae.

— Nimeona ndoa hizi. Mwaka wa kwanza mume anajifunza, anatafsiri kila kitu, hata matangazo ya redio. Mwaka wa pili anachoka. Watu wanacheka mezani, mke anauliza, mume anainua kiganja: nitakwambia baadaye. Hiyo baadaye haifiki. Nilimwambia, utazeeka kwenye meza ya watu ukitazama midomo. Unajua alinijibu nini?

— Nini?

— Alisema, Sylvance si wa namna hiyo. Alikuwa bado anakutetea ulipofika ukamkamata.

Mama Rispa alikuwa akichambua mboga Sylvance alipoingia, na Elsie akisaidia kwa shingo upande. Hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama, kuanzia kelele za langoni hadi macho yaliyofumbwa.

— Ulimshika mikono tu? aliuliza mama. Hukumpiga?

— Mama, yule akishikwa mikono hana mdomo.

Mama Rispa aliacha kuchambua.

— Siku ile ya Pasaka, alisema, tulipokuwa tukicheka hapa habari za Zedekiah na mbuzi. Nakumbuka Ayuma alikuuliza kitu. Ulimwambia nini?

— Nilimwambia nitamweleza baadaye.

— Ulimweleza?

— Hapana.

— Mimi nilidhani anapenda kunyamaza, alisema Mama Rispa. Nikawaambia hata wenzangu wa kanisani, nimepata mkwe mpole.

— Mpole! alisema Elsie. Huyo? Mimi alishawahi kuniambia nguo yangu inanifanya nionekane kama gunia. Kwa mikono tu, na nikaelewa bila mtu kutafsiri.

Jioni hiyo Sylvance aliandika ujumbe mwingine. Huu haukuwa na neno wivu wala neno mapenzi.

"Nilikuziba mdomo mbele ya watu wako. Na siku ya Pasaka nilikunyima mazungumzo nyumbani kwetu. Sikuombi urudi. Nataka ujue kwamba nimejua."

Ulisomwa. Kimya. Ijumaa yote kimya. Jumamosi mchana, akiwa juu ya ngazi ya stoo, simu ikatetemeka.

"Kesho nitakuja kula kwa mama yako. Sitakuja peke yangu."

Walikuja wengi. Mulongo na mkewe, Bi Ndindi, mafundi cherehani wenzake Ayuma wa Gikomba, mapacha wawili wanaoosha magari. Walijaa sebule ya Mama Rispa, na kabla ya kukaa walianza kazi. Walisukuma makochi ukutani, wakapanga viti mviringo. Waliondoa chombo cha maua mezani, wakaondoa na chupa ya chai, kwa sababu vilimficha aliyekaa ng'ambo. Bi Ndindi alifungua mapazia, hakuridhika, akawasha na taa mchana kweupe.

— Wanahama na nyumba yangu? aliuliza Mama Rispa.

— Wanataka kuonana, alisema Sylvance.

Ayuma alikuwa amekaa mbali naye. Alikuwa amemsalimia mama kwa mikono miwili na Elsie kwa kumkumbatia. Kwa Sylvance alitikisa kichwa tu.

Chakula kikaanza, na kumbe mtu anaweza kula na kusimulia kwa mkono mmoja. Mulongo alihitaji chumvi, akamgonga Mama Rispa begani. Mama aliruka nusura amwage mchuzi.

— Anakuita, mama, alisema Elsie akicheka.

— Si aniite taratibu!

Kisha Mulongo akasimama. Alikuwa na kisa. Alisimulia jinsi Jumapili ile mama wa njugu alivyowaendea baada ya ugomvi na kuwaonyesha, kwa mwili wake wote, mwanamume aliyekuwa akiufokea mgongo wa kiziwi. Alimwiga yule mama akimwiga Sylvance, mishipa ya shingo imetoka, mate yanaruka, na mgongo mpana umetulia tuli. Kisha akaiga kuku wanaokimbia. Watu walicheka mpaka wakapiga meza, vijiko vikaruka. Mapacha walilaliana. Sylvance mwenyewe, aliyechekwa, alishindwa kujizuia akacheka hadi machozi.

Mama Rispa alitabasamu pamoja nao. Alitazama uso huu, akatazama ule, tabasamu limebaki limening'inia.

— Wanacheka nini?

— Sijui, alisema Elsie.

— Sylvance, wanacheka nini?

Sylvance, macho kwa Mulongo, akainua kiganja.

— Ngoja kidogo, mama. Nitakwambia baadaye.

Mama Rispa aliweka kijiko chini. Alingoja kidogo, akacheza na ncha ya kitambaa cha meza. Halafu akakusanya sahani mbili ambazo hazijaisha, akainuka kwenda jikoni.

Ayuma hakuwa amesikia neno, lakini kiganja kile alikijua. Uso ule wa mama aliujua zaidi. Alisimama akapunga mikono juu mpaka mviringo mzima ukatulia. Akamfuata Mama Rispa, akazitoa zile sahani mikononi mwake, akamrudisha kitini. Kisha akamgeukia Sylvance, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumsemesha tangu Jumapili ile.

— Mweleze mama yako. Sasa. Yote. Usiruke hata kuku.

Sylvance alieleza. Alieleza kwa mdomo huku watu wote wakimtazama, hata yale mate yanayoruka. Mama Rispa alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akacheka. Alicheka peke yake, wenzake wakiwa wamekwisha kucheka zamani, na hakuna aliyeendelea na jambo jingine mpaka alipomaliza.

— Mwambie, alisema akijifuta macho, mwambie nilidhani anapenda kunyamaza.

Sylvance akatafsiri.

— Mwambie sijawahi kunyamaza hata siku moja, alijibu Ayuma.

— Mwambie nimeona.

Bi Ndindi alikubali kwa kichwa. Ayuma alivuta kiti akakaa mbele ya Mama Rispa, magoti yakikaribia kugusana, na akaanza kusema huku Sylvance akitafsiri kwa sauti.

— Anasema hakuja leo kuniaibisha. Alitaka nione kukaa mezani bila kuelewa kulivyo. Hakujua kwamba atakayeona ni wewe, mama, na anaomba radhi kwa hilo. Anasema... anasema bado ananipenda, na kwamba hilo ndilo linalomkasirisha.

— Hapo umetafsiri au umeongeza? aliuliza Elsie.

— Muulize mwenyewe!

Elsie alimtazama Ayuma, akanyoosha dole gumba, nyusi juu. Ayuma akajibu kwa dole gumba, akicheka.

— Anasema wazee waje mwisho wa mwezi, aliendelea Sylvance. Lakini ana sharti. Hakuna atakayemweka chumba cha nyuma na wanawake wakipika wakati yeye ndiye anayeposwa. Atakaa mbele ya wazee, mahali panapo mwanga, na kila neno litakalosemwa kumhusu litafsiriwe papo hapo. Mulongo atasimama karibu kuona kama sijaruka. Na mimi nikimshika tena mikono, anasema, tusijuane.

Mama Rispa alikunja uso. Sylvance alidhani amekasirika, maana mjomba Zedekiah na wazee wenzake hawakuwa wamewahi kumweka binti katikati yao, sembuse kiziwi wa kuchomelea vyuma.

— Mama, ni jambo la...

— Acha kunisemea. Tafsiri. Mwambie mimi siku ya kuposwa nilikuwa jikoni nikikoroga ugali wa watu walionijadili. Masikio ninayo, yote mawili, na sikusikia neno. Nilijua nimeolewa kwa vile walianza kula. Mwambie akae mbele. Zedekiah nitamkabili mimi.

Sylvance alitafsiri. Mikono ilimpotea njiani, akarudia, Mulongo akamsahihisha. Ayuma aliyapokea yote. Kisha akamtazama mchumba wake kwa muda mrefu, yule kijana wa stoo aliyejaa jasho.

— Utasahau tena, alisema.

— Nitasahau. Leo hii hii nimesahau, umeona. Ukiona nimesahau, nigonge.

— Nitakugonga kweli.

— Gonga.

Akamgonga palepale, begani, kwa ngumi, na ngumi ile ilikuwa nzito kuliko alivyotarajia. Kisha akaiacha pale.

Mwisho wa mwezi, nyumbani kwa Mzee Nabiswa, baba yake Ayuma, Shauri Moyo, wazee wa pande zote mbili walikaa kwenye viti, mjomba Zedekiah ndani ya koti lake jipya. Ayuma alikuwa amekaa mbele yao, dirisha likimmulika. Sylvance alisimama tayari kutafsiri, Mulongo akiwa kando yake kama askari wa benki. Kabla ya maombi ya kufungua, shangazi mmoja wa Ayuma alichungulia kutoka jikoni, akawaita wageni wa kike waje wasaidie kukanda chapati.

Elsie alinyanyuka. Mama Rispa hakunyanyuka. Alivuta kiti chake mpaka kikagusana na cha Ayuma, akakaa, akaweka mkoba wake magotini.

— Mniwie radhi, alisema. Mimi leo nimekuja kusikiliza.